Kuongeza bawa kwenye jengo la kampuni: jiji linaangalia nini hasa?

Mi ni mpangaji miji, kazi zangu nyingi ziko hapahapa Arusha, na swali naloulizwa sana na wenye makampuni ni hili: kiwanja ni chetu, hati tunayo, jengo la kwanza lilipata kibali miaka ile, sasa bawa moja tu la ofisi kwa nyuma kwanini turudi tena jiji na michoro? Naelewa kabisa wanavyojisikia maana kila wiki inayopita ni hela. Lakini jiji halikagui lile bawa peke yake bana, linakagua kiwanja kizima kitakavyokuwa bawa likishasimama. Kibali cha zamani kilitolewa kwa watu wale, magari yale, vyoo vile na paa lile. Ukiongeza kimoja, vyote vinahesabiwa upya.

Kisheria hapo hakuna utata. Kwa Sheria ya Mipango Miji ya 2007 halmashauri ndo mamlaka ya upangaji, na kuongeza jengo ni uendelezaji kama kujenga jipya. Siku hizi maombi yanaingia kwenye mfumo wa mtandaoni wa Tausi wa TAMISEMI, sawa, ila lazima yasomwe na watu: mipango miji, mhandisi, afisa afya, mazingira, zimamoto, kila mmoja na jicho lake.

Sasa kitu ambacho waombaji wengi hawakifikirii kabisa ni maji ya mvua. Tuseme kampuni iko Njiro na inaongeza paa la mita za mraba 600, pale ambapo zamani palikuwa na majani na udongo unaonyonya. Ikinyesha milimita 50 siku moja, na masika hiyo inatokea, paa hilo jipya peke yake linamwaga lita 30,000, yaani simtanki sita za lita elfu tano, na mji wetu uko kwenye mteremko wa Meru kwahiyo maji hayakai, yanamshukia jirani wa chini. Mchoro ukionyesha gata zinaishia ukutani tu bila mtaro wala shimo la kuyapokea, mi naurudisha. Na kama bawa linasogea upande wa Themi, Naura au Kijenge kumbuka Sheria ya Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka mtoni, na uzio wako kuwa ndani ya hizo mita 60 toka zamani haukupi ruhusa ya kujenga.

Jambo la pili ni pale jipya linapoungana na la zamani. Jengo la miaka 20 lishatulia kwenye udongo wake, bawa jipya bado litashuka kidogo kidogo, ukivifunga pamoja kwa zege ufa utatokea palepale kwenye maungio, ndo maana wahandisi wanaacha nafasi katikati ili kila jengo lisimame kwa msingi wake. Na sisi tuko jirani na bonde la ufa. Tetemeko la mlima Gelai kule Ziwa Natron Julai 2007 lilisikika mpaka hapa mjini, na majengo mawili yaliyogusana yakitikiswa kila moja kwa mwendo wake yanagongana. Kuongeza ghorofa juu ndo kabisa, usije na michoro bila hesabu za msingi wa zamani zilizosainiwa na mhandisi aliyesajiliwa ERB, yaani Bodi ya Usajili wa Wahandisi.

Paki sisemi sana, kila mtu anaona barabara za Njiro saa mbili asubuhi. Ila njia ya gari la zimamoto kuzunguka mpaka nyuma ya kiwanja, hiyo bawa la nyuma huwa linaiziba, na watu hawashtuki mpaka wakaguliwe.

Kinachoniuma ni majirani. Juni 2011 Steve Jobs, tena akiwa mgonjwa, alisimama mwenyewe mbele ya baraza la jiji la Cupertino kule Marekani kueleza makao mapya ya Apple, akaulizwa na madiwani wakazi watapata nini, na kibali hakikutoka mpaka 2013. Kampuni kubwa vile, na watu wa mtaa walijua mapema kinachokuja. Huku kwetu jirani mara nyingi anajua siku lori la kwanza la kokoto linapoingia, na kufikia hapo kubadilisha kitu ni gharama kwa wote.

Kwahiyo mteja akija kwangu namwambia kabla hatujachora lolote twende ofisi ya mtaa na ramani ya kiwanja kizima, tuwaonyeshe wa chini maji yatapita wapi, wa pembeni dirisha litaangalia wapi, malori ya ujenzi yatatumia njia gani na saa ngapi. Na wewe unayeishi karibu, ukisikia kampuni inaongeza jengo nenda kwa mwenyekiti wa mtaa au afisa mipango miji ukaulize michoro imefika wapi, uliza mapema, wakati bado ni karatasi.