CGNAT ni nini, na kwa nini seva yako ya nyumbani haionekani kutoka nje

Umeweka programu ya seva kama Nextcloud au Jellyfin kwenye kompyuta ya zamani pale sebuleni. Ukiwa kwenye Wi-Fi ya nyumbani mambo yanakwenda: picha zinapanda, filamu zinacheza. Umeingia kwenye ruta, ukaelekeza poti 443 (mlango wa tovuti za HTTPS) kwenye seva, ukaizima na kuiwasha. Ukitoka nje ukatumia bando la simu, ukurasa unazunguka weee, haufunguki. Wengi wakifika hapa huanza kuvuruga mipangilio, na wapo wanaozima ulinzi wote wa ruta eti wanajaribu. Acha kwanza. Huenda mipangilio yako haina kosa lolote, na kikwazo kiko kwa mtoa huduma wako wa intaneti. Kinaitwa CGNAT (Carrier-Grade NAT), yaani NAT inayofanywa na kampuni yenyewe.

Kuielewa, anza na NAT ya kawaida (kubadilisha anwani za ndani ziwe ya umma), ile iliyomo kwenye ruta yako. Simu, televisheni na kompyuta za nyumbani zina anwani za ndani, zile zinazoanza na 192.168 au 10, ambazo hazitambuliki kwenye intaneti ya nje. Zote hutoka kwa anwani moja ya umma. Ni kama shule ya bweni yenye S.L.P. moja. Mwanafunzi akiandika barua, karani huandikisha ni nani aliyeituma, na jibu likija anajua limfikie nani. Barua iliyokuja yenyewe bila kutarajiwa, karani hajui pa kuipeleka, anaiweka kando. Kuelekeza poti ni kumwachia karani maagizo: chochote cha 443, mpe fulani.

Kwenye CGNAT, shule yenyewe haina sanduku. Inatumia la wilaya, pamoja na shule nyingine kibao. Maagizo uliyomwachia karani wako yapo na ni sahihi kabisa, ila barua haimfikii, kwa sababu inakwama wilayani, kwenye mitambo ya kampuni ambayo wewe huna nywila yake.

Kujua kama uko humo ni kazi ya dakika mbili. Fungua ukurasa wa ruta (mara nyingi ni 192.168.1.1, na ruta nyingi za laini za Huawei ni 192.168.8.1), tafuta anwani iliyoandikwa WAN, yaani upande wa nje wa ruta. Kisha fungua tovuti yoyote inayokuonyesha IP yako. Zikifanana, una anwani ya umma. Zikitofautiana, kuna NAT nyingine juu yako. Na kama ile ya WAN iko kati ya 100.64.0.0 na 100.127.255.255, huna haja ya kuuliza mtu: fungu hilo lilitengwa mwaka 2012 mahususi kwa kazi hii. Kampuni nyingine huwapa wateja anwani zinazoanza na 10, matokeo ni yaleyale. Angalizo dogo kwa wanaotumia Tailscale, programu ya kuunganisha vifaa vyako kwa njia ya siri: nayo hukipa kila kifaa anwani kutoka fungu hilohilo la 100.64, kwa hiyo tazama ya ruta, usitazame ya simu.

Chanzo cha haya yote ni uhaba. Anwani za IPv4, ndizo hizi tunazozizungumzia, zina biti 32, jumla yake kama bilioni 4.3, hazitoshi hata simu za dunia. Mafungu makubwa ya mwisho yaligawiwa kwa sajili tano za kanda Februari 2011. Yetu ni AFRINIC, yenye makao Mauritius, na ilidumu na akiba kuliko wenzake, lakini tangu 2020 nayo inagawa kidogokidogo. Kampuni ya simu yenye mamilioni ya wateja haiwezi kumpa kila laini anwani yake. Ndiyo maana pia tovuti fulani hukusumbua kila mara uthibitishe kwamba wewe si roboti: mtu usiyemjua, mnayeshiriki naye anwani, amefanya mambo yake.

Wapo wanaosema basi CGNAT ni ulinzi. Kwa kiasi, ndiyo: inamzuia mpita njia asigonge mlango wako moja kwa moja. Haizuii kiungo cha ulaghai kilichokuja WhatsApp, wala programu uliyoipakua mwenyewe, wala kamera inayopiga simu nje kwa siri. Halafu kama kampuni yako inatoa na IPv6 (mfumo mpya wenye anwani nyingi mno), upande huo hauna CGNAT kabisa. Kila kifaa kina anwani yake ya umma, na kinachokukinga ni ruta peke yake. Hakikisha imewekwa ikatae maunganisho yanayoanzia nje.

Njia ya kwanza ambayo watu huikimbilia ni kununua anwani ya umma, na mara nyingi huuzwa na vifurushi vya biashara. Inafanya kazi. Lakini fahamu unachonunua. Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walionyesha kwa programu yao huria ya ZMap kwamba kompyuta moja yenye intaneti ya kasi inaweza kupekua poti moja kwenye IPv4 nzima kwa chini ya dakika 45. Hakuna kujificha. Miaka mitatu baadaye programu hasidi ya Mirai ikaingia kwenye kamera na mashine za kurekodi video zilizoachwa na nywila za kiwandani, na Oktoba 2016 jeshi hilo la vifaa likaishambulia kampuni ya Dyn, iliyokuwa ikitafsiri majina ya tovuti kuwa anwani, mpaka Twitter na Netflix zikawa hazipatikani sehemu kubwa ya Marekani. Ukiwa na anwani ya umma, zima UPnP kwenye ruta, maana ndiyo inayoruhusu kifaa kujifungulia poti bila kukuuliza.

Mimi naona bora ugeuze mwelekeo. CGNAT inazuia kinachoingia, haizuii kinachotoka. Basi seva yako ndiyo ianze kutoka. Kodi seva ndogo yenye anwani ya umma, weka WireGuard, programu ya VPN (njia ya siri kati ya mashine) ambayo ni huria na imo ndani ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020. Seva ya nyumbani inajiunga nayo, simu yako nayo inajiunga nayo, zinakutana hapo. Kuna mstari mmoja ambao wengi huusahau upande wa nyumbani:

PersistentKeepalive = 25

Bila huo, njia ikikaa kimya kidogo mitambo ya kampuni inafuta kumbukumbu ya nani alitoka, na simu ikiita haipati jibu. Kwa mstari huo, seva hutuma pakiti ndogo kila sekunde 25 na njia inabaki wazi. Ile seva ya kukodi ndiyo sasa iliyo barabarani, kwa hiyo SSH yake (njia ya kuiendesha ukiwa mbali) iwe ya funguo, si ya nywila, na masasisho ya usalama yajiendeshe.

Hutaki kushughulika na mafaili ya mipangilio? Tailscale inatumia WireGuard hiyohiyo na inajitafutia njia, ila kituo chake cha uratibu ni cha kampuni. Headscale ni mbadala huria unaouendesha mwenyewe. Cloudflare Tunnel nayo inapenya CGNAT vizuri, lakini usimbaji wa HTTPS unafunguliwa kwenye mashine za Cloudflare kabla ya kufika kwako. Kwa blogu sawa, kwa nyaraka za familia mimi nisingeiweka.

Na kama unachotaka ni tovuti ya watu wote, ya duka au ya msikiti, usiilete nyumbani. Iweke kwenye hiyo seva ya kukodi moja kwa moja, ambako umeme ukikatika mtaani kwako wateja hawatajua.