Kwa nini stempu ya peni moja ya Uingereza ilikuwa ya zambarau?

Ukipekua boksi lolote la stempu za zamani za Uingereza, kuna moja ambayo huikosi: ndogo, ya zambarau, Malkia Victoria akitazama kushoto ndani ya duara lililorefuka kama yai. Ni stempu ya peni moja iliyotoka Julai 1881, na wakusanyaji huiita Penny Lilac. Zilichapishwa zaidi ya bilioni 33, ndiyo maana hata leo nyingi hazina bei ya maana. Rangi yake haikuchaguliwa kwa uzuri. Ilichaguliwa kwa sababu inachuja.

Mambo yalianza na Penny Black, stempu ya kwanza duniani kubandikwa kwenye barua, Mei 1840. Ilikuwa nyeusi, na karani wa posta aliigonga muhuri wa wino mwekundu ili isitumike mara ya pili. Wajanja hawakuchelewa. Wino ule ulifutika, na stempu ikasafiri tena bure. Isitoshe, wekundu juu ya weusi ulionekana kwa shida. Basi posta ikageuza: kuanzia Februari 1841 stempu ikawa nyekundu ya kahawia, muhuri ukawa mweusi. Hiyo Penny Red ilidumu karibu miaka 40. Iliuzwa katika karatasi za stempu 240, kwa kuwa pauni moja ya wakati ule ilikuwa na peni 240, na kila stempu ilikuwa na herufi zake kwenye kona, nazo ziliwekwa kwa ajili ya kuwabana waliotaka kughushi stempu.

Mwaka 1881 likaja jambo jipya. Serikali iliamua kwamba stempu ileile ya peni itumike kwenye barua na pia kwenye risiti, ambako ilikuwa ushuru wa serikali. Ndiyo maana Penny Lilac ina maneno ya posta na ya mapato pamoja. (Jina la nchi halimo. Uingereza haijawahi kuliandika kwenye stempu zake za kawaida; kichwa cha mfalme au malkia kinatosha.)

Hapo ndipo tatizo likawa la pande mbili. Stempu ya risiti hufutwa kwa kuandikwa juu yake kwa kalamu, na wino wa kalamu hutoka kwa maji. Muhuri wa posta una wino wa mafuta, ambao hutoka kwa benzini na vimiminika vya namna hiyo. Ukiziba mlango mmoja, mwingine uko wazi. Wachapaji, kampuni ya De La Rue, walikuwa na wino usiostahimili chochote kati ya hivyo viwili, na zambarau ilikuwa miongoni mwa rangi chache zilizopatikana katika wino huo. Mtu akijaribu kusafisha muhuri, uso wa malkia unaondoka nao.

Chukua lenzi uhesabu vitone kwenye kona moja. Stempu za kwanza zina 14. Kuanzia Desemba mwaka huohuo zina 16. Zile za 14 zilitoka kwa miezi michache tu, kwa hiyo ndizo zenye thamani kubwa kidogo kuliko nyingine.

Stempu hii ilifika hata pwani yetu. Mwaka 1890 kampuni ya Waingereza iliyotawala kutoka Mombasa ilikuwa bado haina stempu zake. Ikachukua hizi za zambarau na kuzipiga chapa ya jina lake pamoja na bei mpya ya nusu ana, kwa sababu fedha ya pwani wakati huo ilikuwa rupia, yenye ana 16.

Wajanja wa risiti walikwisha kufa zamani, lakini mtego bado umetegwa. Anayenaswa siku hizi ni mkusanyaji mgeni, anayeloweka stempu kwenye bakuli ili ibanduke, kama alivyozoea kwa stempu nyingine, kisha anakuta maji yamegeuka zambarau. Ukiipata ingali kwenye bahasha, kata kipande cha karatasi kuizunguka na uiache hivyohivyo.