"Tulishapata SS mmoja" si kinga: maswali ya wazazi wa Lubumbashi kuhusu selimundu

AS ni nini, SS ni nini?
Kila mtoto hupokea jeni mbili za hemoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, moja ya baba, moja ya mama. AA hana jeni ya ugonjwa wa selimundu. AS anayo moja: haugui, ila anaweza kuirithisha. SS anazo mbili, na chembe zake nyekundu za damu hujikunja kama mundu.

Sisi wote ni AS, na kifungua mimba wetu ni SS. Watatu wanaofuata watakuwa wazima?
Hapana. Mliambiwa "mmoja kwa wanne", mkaelewa kwamba deni limeshalipwa. Halijalipwa. Chukueni karata 52 za wale wazee wanaocheza chini ya mwembe kule Katuba. Kopa ni 13, yaani robo. Chomoa moja, itazame, irudishe, changanya, chomoa tena. Karata zinajua kwamba mara ya kwanza ulitoa kopa? Hazijui. Mimba nayo haijui. Kila mimba: robo SS, robo AA, nusu AS.

Na kama tayari tuna SS wawili?
Robo ileile.

Jirani zetu ni AS wote, watoto wao wanne hawana SS hata mmoja.
Walibahatika, na bahati hiyo si ya ajabu: robo tatu mara robo tatu mara robo tatu mara robo tatu, zinatoa 81 kwa 256, karibu 32 kwa mia. Wa tano? Robo ileile. Nimechoka kuona mama akirudi na mtoto wa tatu mwenye vidole vilivyovimba, akisema, "Dokta, si tulishamaliza zamu yetu?" Hakuna zamu!

Baba anasema kwao ugonjwa huu haupo.
Kwao kuna AS wasioumwa. Mtoto wa SS amepokea S pande zote mbili. Kumrudisha mama kwao hakubadilishi damu ya baba, na mchawi hahusiki.

Tulifanya kipimo cha Emmel, kinatosha?
Hakitoshi. Kinaonyesha kwamba damu inajikunja, hakitenganishi AS na SS. Ombeni elektroforezi ya hemoglobini, kipimo kinachotenganisha AA, AS na SS, na muiombe kabla ya mahari, si baada ya mazishi.

Mtoto wetu SS ana homa usiku. Tungoje kupambazuke?
Msingoje. Nyuzi 38 na kupanda, hospitali usiku huohuo. Wengu wake haumlindi vizuri, maambukizi yanaweza kumuua kwa saa chache. Akipauka ghafla, tumbo likivimba upande wa kushoto, vilevile. Vidonge vilivyobaki kabatini si matibabu. Maombi mfanyie njiani.

Dada yake hana ugonjwa. Naye apimwe?
Ndiyo. Mkimtoa SS kwenye hesabu, zinabaki nafasi tatu, na mbili kati yake ni AS. Akipata mchumba, waje labo wote wawili.