Nimeumia au Nimechoka Tu? Maumivu ya Wiki za Kwanza Kwenye Kazi ya Nguvu

Jumatatu moja ya mwezi wa pili, kijana wa miaka ishirini na kidogo aliingia kwenye chumba chetu cha fiziotherapia huku ameshika ukuta. "Shikamoo dokta," akasema, kisha akabaki amesimama. Nikamwonyesha kiti, akatikisa kichwa. Kukaa anaweza, kuinuka ndiyo shughuli. Alikuwa ameanza kazi ya saidia fundi siku ya Alhamisi, kwenye jengo la ghorofa nne huko Kijitonyama, Dar es Salaam, anapandisha matofali na makarai ya zege kwa ngazi. Ijumaa aliamka mapaja yanauma. Jumamosi alishindwa kuchuchumaa chooni. Jumapili akameza dawa ya malaria bila kupima, kwa sababu mwili wote ulikuwa umevunjikavunjika. Swali lake lilikuwa fupi: "Dokta, hapa nimeumia au nimechoka tu?"

Swali hilo nalisikia kila wiki. Wanaliuliza wabeba mizigo wa Kariakoo na Mabibo, wasichana walioanza kazi ya kusimama kutwa kiwandani, hata mama lishe aliyepata tenda ya kusonga ugali wa watu mia. Ni swali zuri kuliko wanavyodhani, kwa sababu aliyechoka na aliyeumia hawatibiwi kwa njia moja.

Nilibonyeza mapaja yote mawili. Yaliuma sawasawa, juu mpaka chini, wala hapakuwa na sehemu moja iliyomfanya aruke. Magoti hayakuvimba. Homa hana, kipimo cha malaria hakikuonyesha kitu, na mkojo wake ulikuwa wa njano ya kawaida. Nikamwambia: umechoka, hujaumia. Kisha nikamweleza sababu, maana mtu akijua kinachoendelea mwilini mwake hababaiki hadi kumeza dawa asizozihitaji.

Nilimuuliza miguu inalegea zaidi wakati gani. Akasema wakati wa kushuka, tena karai likiwa tupu. Wengi hushangazwa na hilo, lakini ndivyo misuli ilivyo. Ukipanda ngazi, msuli wa mbele ya paja unajikunja na kukusukuma juu. Ukishuka, msuli huohuo unakaza huku unavutwa urefuke, kama mtu anayeteremsha ndoo kisimani na kuiachia kamba kidogo kidogo isimponyoke. Kazi ya namna hiyo ndiyo inayochana nyuzi ndogondogo za msuli usioizoea. Kuteremsha mfuko wa saruji kutoka begani, kuinama taratibu kuweka tofali chini, kote huko ni kuachia kamba. Mwili hupeleka maji na chembe za kukarabati mahali palipochanika, pakavimba kidogo kwa ndani, pakauma. Maumivu huanza saa 12 hadi 24 baada ya kazi, huzidi siku ya pili au ya tatu, na ndani ya wiki moja huwa yamekwisha. Wapo wanaosema ni asidi iliyobaki kwenye misuli. Sivyo. Ile laktiki inayotengenezwa wakati wa kazi nzito huondoka ndani ya saa moja hivi ya kupumzika, muda mrefu kabla mtu hajaanza kusikia maumivu haya.

Msuli uliopona hivyo huwa umejifunza. Ukirudia kazi ileile wiki inayofuata utasikia maumivu kidogo sana, na kinga hiyo hukaa wiki kadhaa. Ndiyo maana mzee anayesukuma mkokoteni Kariakoo miaka yote analala usiku vizuri, wakati mwanamichezo wa mazoezini akimsaidia siku moja tu ataamka hawezi kunyanyua mswaki.

Lakini kuna mtego hapa, na ndio unaoniletea wagonjwa wengi kuliko maumivu ya siku ya tatu. Misuli huzoea haraka. Kano zinazoishika misuli kwenye mifupa huzoea polepole, kwa miezi. Kijana akifika wiki ya nne anajisikia ana nguvu, anaanza kubeba mifuko miwili ya saruji badala ya mmoja ili aonekane mchapakazi, na hapo ndipo kiwiko, bega au kisigino kinapoanza kuuma maumivu yasiyoisha. Saruji moja ni kilo 50. Ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga hupita kilo 30. Shirika la Kazi Duniani, katika pendekezo lake namba 128 la mwaka 1967, lilitaka mzigo wa mwanaume mmoja mtu mzima ushushwe usizidi kilo 55. Ukilipima gunia la lumbesa, lile linalojazwa kupita kiasi, kwa kipimo hicho, utaona kwamba lile ambalo Wakala wa Vipimo inalipiga vita kwa sababu linampunja mkulima, linampunja pia mgongo anayelibeba. Lumbesa ni la watu wawili. Nasema hivi nikijua kwamba sokoni atakayeomba msaada anachekwa.

Sasa, utajuaje umeumia? Maumivu ya uchovu huwa pande zote mbili, yametanda, na ukitembea dakika kumi mwili unapata moto, yanapungua. Kila siku yanashuka. Jeraha lina anwani: goti moja, bega moja, kidole kinaweza kugusa mahali penyewe. Mara nyingi unakumbuka saa lilipoanza. Mahali hapo panavimba, au usiku panakuamsha, au leo panauma kuliko jana. Ukiona hivyo siku ya tano, njoo hospitali, usisubiri mwisho wa mwezi. Na kwa mgongo kuna dalili zisizongoja hata kesho: ganzi sehemu za siri na makalioni, miguu kuishiwa nguvu, mkojo kukataa kutoka au kutoka wenyewe. Hapo ni hospitali, usiku huohuo.

Homa nayo si uchovu. Hapa kwetu malaria ipo, na homa ya dengue imeshalipiga jiji hili, mwaka 2014 na tena 2019; zote mbili huja na maumivu ya mwili mzima yanayofanana na ya kazi. Mwili ukichemka, pima. Dawa ya malaria isiyo na kipimo haijamsaidia yule kijana chochote.

Kuhusu dawa za maumivu naomba nisikilizwe kwa makini. Wapo vibarua wanaopita duka la dawa saa 12 asubuhi, wananunua vidonge viwili vya diklofenaki, wanavimeza na chai ya rangi ili mwili usisikie, halafu wanaingia juani. Nimekutana nao wengi, na baadhi tumewapeleka kwa madaktari wa figo. Dawa za kundi hilo, pamoja na ibuprofeni, hupunguza damu inayokwenda kwenye figo. Mtu aliyekaa kivulini na kunywa maji ya kutosha anaweza kustahimili kwa siku chache. Mtu aliyekaukiwa na jasho, damu yake imeshakuwa nzito na figo zimeshapungukiwa. Kidonge kinaongeza msumari juu ya kidonda. Tumboni kinachimba vidonda. Kama ni dengue, kinaongeza hatari ya kuvuja damu. Ikibidi dawa, parasetamo inatosha: vidonge viwili vya miligramu 500, visizidi vinane kwa siku nzima, na pombe ikae mbali. Vinywaji vya kuongeza nguvu navyo haviongezi nguvu. Vinaficha uchovu uliopo, usingizi ukifika unakataa kuja.

Anachohitaji msuli unaouma ni mwendo mwepesi. Kulala kutwa hukakamaza zaidi. Kukandwa na maji ya moto jioni kunaburudisha, na kuchuliwa kwa mkono mwepesi hakuna ubaya. Ila palipoteguka na kuvimba pasichuliwe wala kukandwa na moto siku mbili za kwanza, hata kama anayechua ni fundi kiasi gani. Hapo panataka baridi, kitambaa chenye barafu dakika 15, na kunyanyuliwa.

Najua kibarua hana siku ya kupumzika. Asipokwenda hana posho, na nafasi yake asubuhi inachukuliwa na mwingine. Yule kijana aliniambia hivyohivyo. Kwa hiyo sikumwandikia mapumziko, nilimwambia abadili kazi ndani ya kazi: amwombe fundi siku mbili za kuchekecha mchanga na kuchota maji, mbali na ngazi. Fundi wake alimkubalia siku moja. Hata hiyo ilisaidia. Wenzake wakipokezana, mmoja ngazi asubuhi na mwingine mchana, hakuna anayepoteza hela.

Jambo ambalo siku za kwanza linaweza kuua, na watu wanalichukulia kama uvivu, ni joto. Kuanzia Januari hadi Machi Dar es Salaam mchana hupita nyuzi joto 31, na unyevu wa bahari unafanya jasho litiririke bila kukauka. Jasho lisilokauka halimpozi mtu. Mwili unahitaji siku 7 hadi 14 kujifunza kutoa jasho mapema na kuhifadhi chumvi. Aliyetoka kwenye baridi ya Makete au Lushoto jana hana mazoea hayo hata kama kwao alikuwa analima kutwa. Taasisi ya NIOSH ya Marekani, inayoshughulikia afya ya wafanyakazi, inashauri mfanyakazi mpya kwenye joto aanze na asilimia 20 ya muda wa kazi siku ya kwanza, na kuongezewa asilimia 20 kila siku. Kwenye saiti zetu mambo ni kinyume: mgeni ndiye anayepewa karai la kwanza ili apimwe.

Kunywa kikombe kimoja cha maji kila dakika 15 hadi 20 ukiwa juani, usingoje kiu. Ukitoka jasho saa nyingi, maji matupu hayatoshi, chumvi inataka kurudishwa. Chakula chenye chumvi kinasaidia; usipokuwa na pakiti ya ORS, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vijiko vyote vya kusawazisha, inafanya kazi hiyo. Mkojo ndio kipimo chako. Ukiwa wa njano iliyokolea, umekaukiwa. Ukiwa kama soda ya kola au chai ya rangi iliyokaa, huku misuli imevimba na kukosa nguvu, acha kazi uende hospitali sasa hivi. Huo ni msuli uliovunjika na kumwaga protini yake kwenye damu, na figo zinaweza kuziba. Aliyepatwa na kizunguzungu, akaanza kuongea yasiyoeleweka, asipewe muda wa "kujisikilizia". Kivulini, avuliwe shati, amwagiwe maji mwili mzima, apepewe, huku gari linatafutwa.

Chakula nitasema kidogo. Chapati moja na chai ya rangi haiwezi kukufikisha saa 8 mchana. Ongeza maharage, yai, au karanga za kukaanga; usiku dagaa au samaki na mboga za majani. Usingizi ndio mgumu zaidi, kwa mtu anayeamka saa 10 alfajiri Chanika ili awahi kazi mjini. Ukifika nyumbani, oga, kula, lala. Simu ya kuangalia mpira hadi saa 6 usiku unailipa kesho kwenye ngazi.

Wasimamizi nao nina neno lao. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema saa 45 kwa wiki na saa 9 kwa siku, na mapumziko yasiyopungua dakika 60 kwa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo. Pipa la maji karibu na wanaofanya kazi, si getini, na kivuli cha turubai, ni gharama ndogo kuliko kumkimbiza mtu hospitali.

Na ikitokea umeumia kweli, mwambie msimamizi siku hiyohiyo, mbele ya mwenzako. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF) upo kwa sheria ya mwaka 2008, anayeuchangia ni mwajiri, mfanyakazi hakatwi hata senti. Ukifika hospitali, usiseme tu "mgongo unauma". Taja kwamba ulikuwa kazini, ulikuwa unabeba nini, na ilikuwa saa ngapi, daktari aandike kwenye faili. Nimewaona watu wakihangaika miezi na karatasi ya siku ya kwanza iliyoandikwa "maumivu ya mgongo" peke yake.