"Mali ikiuzwa hairudishwi": je, hata ikifika imevunjika?

Wengi wanaonunua mtandaoni huamini kwamba bidhaa ikishalipiwa, hasara ni ya mnunuzi, hata blenda ikifika na jagi lililopasuka. Imani hii inaeleweka, kwa sababu maneno hayo yameandikwa kwenye risiti za maduka mengi.

Lakini kubadili mawazo ni jambo moja, na kuletewa kitu kibovu ni jingine. Nchini Kenya, Sheria ya Ulinzi wa Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa yenye ubora unaokubalika, na maandishi ya kwenye risiti hayaifuti haki hiyo. Jisomee mwenyewe kifungu cha 5. Sheria hiyo inapatikana bure mtandaoni.

Ugomvi mwingi hukwama kwenye swali moja: nani alikivunja? Kwa hiyo rekodi video unapofungua kifurushi, bila kukatisha, ukianzia kwenye lebo na gundi kabla hujaikata. Bodaboda akikubali kusubiri, fungua mbele yake. Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, kwa maandishi, kwani ukikaa na bidhaa muda mrefu kimya unaweza kuhesabiwa kuwa umeikubali. Boksi usilitupe, wala ujumbe wa malipo usiufute.