"Funzo Liko Wapi?": Swali Linalotuharibia Riwaya za Misri

"Hakina funzo." Maneno hayohayo nayasikia kaunta ya maktaba kila msomaji anaponirudishia riwaya ya Misri ambayo hakuimaliza. Na si wavivu hawa. Wamekuja wenyewe, wamechoka na mapenzi na upelelezi wa kila siku, wameomba niwape kitu cha nchi nyingine. Nawapa Naguib Mahfouz. Wanarudi wamekunja uso: mnafiki haadhibiwi, mwema hapati thawabu, na mwandishi hasemi yuko upande gani. Safari hii nimeona heri niandike.

Kubadilisha nchi huku swali lako ni lilelile si kutoka nje ya mazoea. Swali la funzo tumetoka nalo darasani: fani na maudhui, dhamira kuu na dhamira ndogondogo, "jadili ujumbe wa mwandishi kwa kutoa mifano". Silidharau darasa. Tamthilia na tenzi zetu nyingi ziliandikwa na watu waliokusudia kufunza, na ukiziuliza swali hilo zinajibu vizuri. Lakini msomaji anayelipeleka Cairo anapita mbele ya kitabu kizima bila kukiona.

Chukua Bayn al-Qasrayn ya Mahfouz, juzuu ya kwanza kati ya zile tatu za Cairo zilizotoka 1956 na 1957. Inaanza usiku wa manane. Amina ameamka bila kuamshwa na mtu, kwa mazoea ya miaka mingi, amsubiri mumewe arudi kwenye starehe zake ammulikie taa. Mume huyo, Ahmad Abd al-Jawad, ni mfanyabiashara. Nyumbani hacheki, wanawe hawathubutu kuinua macho mbele yake. Usiku, kwa marafiki na waimbaji wa kike, ndiye mcheshi kuliko wote na tari anaipiga mwenyewe. Amina haruhusiwi kutoka nje. Siku mume amesafiri kwenda Port Said, watoto wanamshawishi mama akauzuru msikiti wa Sayyidna Hussein, ambao miaka yote ameishia kuitazama minara yake kwa mbali. Anakwenda na mwanawe mdogo, anazuru, na wakati wa kurudi anagongwa na gari, mfupa wa bega unavunjika. Bwana anarudi, anaambiwa ukweli, ananyamaza. Anamwacha mkewe apone kabisa. Kisha anamwamuru aondoke arudi kwa mama yake.

Hapo msomaji wa funzo anafurahi: mwandishi anapinga mfumo dume! Sawa, umepata alama zako. Lakini rudi usome tena zile siku za ukimya, kati ya kuumia na kufukuzwa. Bwana yule anamhurumia mkewe kweli. Hasira yake pia ni ya kweli, na vyote viwili vinakaa katika kifua kimoja bila kimoja kukifukuza kingine. Amina naye anampenda anayemwogopa, na hajui mapenzi yanaishia wapi hofu ikaanzia. Watoto wanatetemeka mbele ya baba huku wakimwona hana mfano duniani. Mahfouz anaingia akilini mwa mmoja baada ya mwingine, kwa subira isiyo na haraka hata kidogo, mpaka unamwelewa vizuri mtu ambaye hutamkubali kamwe. Ukiandika "mfumo dume" pembeni mwa ukurasa na kufunua unaofuata, hayo yote yamekupita. Riwaya ilikuwa humo.

Kisha kuna wale wanaosema wamemsoma Mahfouz, hawakumpenda, basi Misri si yao. Mahfouz yupi? Yule wa miaka ya 1930 aliyeandika riwaya za enzi za mafarao? Yule wa Zuqaq al-Midaqq (1947), mwenye kichochoro ambamo Zaita anawatia watu ulemavu, kwa malipo, ili wapate kuombaomba? Au yule wa 1959, ambaye riwaya yake ya Awlad Haratina ilipotoka kwa mfululizo katika gazeti la Al-Ahram iliwakasirisha wanazuoni, ikaja kuwa kitabu Beirut mwaka 1967? Tuzo ya Nobel ya 1988 imewafanya watu wamdhanie kuwa ni kitu kimoja kizito. Mpenzi wa upelelezi namwambia aanze na Al-Liss wal-Kilab ya 1961, yaani mwizi na mbwa. Ni nyembamba na inakimbia. Said Mahran anatoka jela akitaka kulipiza kisasi kwa mkewe wa zamani, kwa kibaraka wake aliyemwoa mke huyo, na kwa mwandishi wa habari aliyewahi kumfundisha kwamba kumwibia tajiri ni haki. Risasi zake zinawapata wasiohusika. Kisa kinatokana na msako wa kweli uliojaa katika magazeti ya Misri mwaka 1960. Onyo moja: katikati ya aya msimulizi anatumbukia ndani ya kichwa cha Said bila kubisha hodi, "yeye" inageuka "mimi". Si kosa la uchapaji. Endelea kusoma.

Kuhusu wanaodhani maandishi ya Kiarabu ni dini au Alfu Lela Ulela tu, sina muda mrefu. Someni Yusuf Idris, daktari, mkusanyo wake wa kwanza wa hadithi fupi wa 1954, Arkhas Layali. Katika hadithi yenye jina hilo, mwanakijiji anatoka msikitini baada ya Isha akiwalaani watoto waliojaa njiani. Amekunywa chai kali aliyopewa na mlinzi, usingizi umekimbia, na mfukoni hana kitu cha kumpatia starehe yoyote. Anawaruka watoto wake waliolala, anaingia kwa mkewe. Miezi ikipita anapongezwa kwa mtoto mwingine. Kurasa chache tu, unacheka na huku kooni kumekukaba. Na yeyote aliyekalia mkeka wa chuo pwani atamtambua mwalimu wa Quran katika Al-Ayyam, kumbukumbu za maisha ya Taha Hussein, mwandishi aliyepofuka utotoni baada ya matibabu ya kinyozi wa kijiji.

Kuna mahali ambapo hoja yangu inayumba, na sipendi kulificha. Mwandishi wa Misri anayeulizwa sana hapa kwetu ni Nawal El Saadawi, na riwaya yake ya 1975 kuhusu Firdaus, kahaba anayesubiri kunyongwa katika gereza la Qanatir, ina hoja na inaitangaza kwa sauti kubwa. Alimkuta mwanamke huyo gerezani kweli. Huyo siwezi kumwambia mtu asimuulize funzo. Ninachokataa ni msomaji kufunga kitabu na kusema sasa anawajua wanawake wa Misri. Amina naye ni wa Misri. Jambo jingine linanisumbua zaidi: vingi kati ya vitabu hivi vinatufikia kwa Kiingereza, baada ya wachapishaji wa London na New York kuamua ni Misri ipi inauzika. Rafu yangu imechujwa kabla sijaigusa, na sioni namna ya kulikwepa hilo kwa ushauri wowote ninaoutoa.

Bado ushauri nautoa. Idris kwanza, kisha mwizi, kisha nyumba ya Amina. Ukishazoea, niombe Zaat ya Sonallah Ibrahim, ya 1992. Sura moja inasimulia maisha ya mwanamke wa tabaka la kati anayefanya kazi katika ofisi ya gazeti. Inayofuata ni vipande vya magazeti vitupu: kashfa, mikopo, kauli za wakubwa. Kisha Zaat tena, kisha magazeti tena, na msimulizi hakuunganishii chochote. Watu huniuliza kama wanaweza kuziruka sura za magazeti. Hapana. Zisome zote, kwa mpangilio wake, hata zikikuchosha.