Jiwe la msingi si pesa: tunavyowaelewa vibaya marais wanaosaka wawekezaji

Siku chache kabla ya uchaguzi mkuu wa Oktoba 2015, Rais Jakaya Kikwete aliweka jiwe la msingi la bandari mpya Bagamoyo. Wachina walitajwa, Oman ikatajwa, na gharama iliyozungumzwa ilikuwa dola bilioni 10. Mwaka 2019 Rais John Magufuli akasema masharti ya mradi ule ni ya kukubaliwa na mwendawazimu tu, na mambo yakasimama. Mwaka 2021 Rais Samia Suluhu Hassan akasema mazungumzo yafufuliwe. Marais watatu, bandari moja, na meli za ule mradi wa Wachina na Oman hatujaziona.

Nimeanza na Bagamoyo kwa sababu dhana nyingi tulizonazo kuhusu uwekezaji zinazaliwa pale tunapomwona Rais kwenye runinga akishikana mkono na mgeni mwenye suti.

"Wamesaini, kwa hiyo hela zimeingia"

Hapana. Kinachosainiwa mbele ya kamera mara nyingi ni makubaliano ya awali, yaani pande mbili zinasema zina nia. Baada ya hapo huja majadiliano ya kodi, gawio na nani abebe hasara, kisha mkataba wenyewe, kisha kampuni inaamua kama itatoa fedha ama la. Hatua hiyo ya mwisho hufanyika kwenye bodi ya kampuni, Rais wetu akiwa hayupo.

Gesi ya Lindi ni mfano mzuri. Iligunduliwa kwenye kina kirefu cha bahari tangu 2010. Juni 2022 Serikali ilisaini makubaliano ya awali na kampuni za mafuta na gesi, Equinor na Shell, watu wakapiga makofi, magazeti yakaandika mabilioni. Miaka mitatu baadaye walikuwa bado mezani. Vilevile thamani ya miradi inayotangazwa kila mwaka kuwa imesajiliwa ni kiasi ambacho mwekezaji amesema ataweka. Ni ahadi. Waziri akiisoma bungeni huwa inasikika kama risiti.

"Bandari imeuzwa"

Hili ndilo lililotugawa 2023, vijiweni, makanisani na hata kwenye makundi ya WhatsApp ya familia. Mimi mwenyewe nina shemeji ambaye hatukuongea vizuri mpaka Krismasi.

Ukweli wa kwanza: Bandari ya Dar es Salaam haikuuzwa. Mamlaka ya Bandari ni kama mwenye nyumba, na mwendeshaji ni mpangaji anayeleta mitambo, anapakia na kupakua, analipa kodi na tozo. Oktoba 22, 2023 DP World, kampuni ya bandari ya Dubai, ilipewa kuendesha gati namba 4 hadi 7 kwa miaka 30, utendaji wake ukipimwa kila baada ya miaka mitano.

Ukweli wa pili, ambao ulisahaulika kabisa kwenye zile kelele: mpangaji binafsi alikuwa ndani ya bandari hiyo tangu 2000. Kampuni ya TICTS iliendesha gati za makontena kwa zaidi ya miaka 20, hadi mwisho wa 2022. Watu walijadili kana kwamba mgeni ndiyo kwanza anabisha hodi.

Lakini nisiwatetee wakubwa bure. Makubaliano baina ya Tanzania na Dubai yaliyopitishwa na Bunge Juni 10, 2023 hayakutaja ukomo wa miaka, na waliohoji walikuwa na haki ya kuhoji. Mpangaji asiyeandikiwa tarehe ya kuondoka humfanya mwenye nyumba akose usingizi. Mikataba ya Oktoba ikaja na miaka 30 na vipimo vyake. Sidhani kama hilo lilitokea kwa bahati tu. Aliyesema "imeuzwa" alikosea neno, ila aliyemwambia anyamaze alikosea zaidi.

"Wageni wananunua ardhi yetu"

Kwa Sheria ya Ardhi ya 1999, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ni mdhamini tu. Asiye raia hapewi ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, tena kwa muda maalumu. Ugomvi halisi uko kwenye fidia ya wanaohamishwa, na huo unastahili makala yake.

"Akituzingua tunamfukuza, yameisha"

Wakati mwingine huisha, kwa bei. Mei 2005 Serikali ilivunja mkataba wa City Water, kampuni iliyopewa maji ya Dar es Salaam miaka miwili tu nyuma. Mabomba yalikuwa bado makavu na malengo hayakufikiwa. Wanahisa wa Uingereza na Ujerumani wakaishtaki Tanzania kwenye baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia. Julai 2008 baraza likaamua kwamba Tanzania ilikiuka mkataba wa kulinda wawekezaji, lakini isilipe fidia hata senti, kwa sababu kampuni ile ilishakuwa haina thamani kabla ya kufukuzwa. Tulikosea na hatukulipa.

Sasa linganisha na nikeli ya Ntaka Hill, Nachingwea. Mwaka 2018 leseni za kuhodhi eneo la madini kabla ya kuchimba zilifutwa kwa mabadiliko ya sheria, si kwa sababu mwenye leseni alishindwa kazi. Julai 2023 baraza hilohilo likatoa hukumu ya zaidi ya dola milioni 109, na mwaka uliofuata Serikali ikakubaliana kulipa milioni 90. Kwa City Water kulikuwa na rekodi ya kushindwa kazi. Kwa Ntaka Hill hakukuwa na ya kuonyesha.

"Mwekezaji ni mzungu"

Au Mchina, au Mwarabu. Sheria ya Uwekezaji ya 2022 ilishusha kiwango cha mtaji ambacho Mtanzania anahitaji ili apate cheti cha vivutio vya uwekezaji, kama nafuu za kodi, kutoka dola 100,000 hadi 50,000. Kwa sheria hiyo mgeni alitakiwa 500,000. Hata hiyo 50,000 ni nyingi kwa muuza mitumba wa soko la Karume, najua.

Ipo njia ya bei nafuu zaidi: kununua hisa. Mwaka 2017, baada ya sheria kuzitaka kampuni za simu ziuze asilimia 25 ya hisa kwa umma, Vodacom Tanzania iliuza zake kwa Sh850 kila moja. Mwanzoni ziliwekwa kwa ajili ya Watanzania peke yao. Muda ukaongezwa, zikabaki. Mwishowe ikabidi mlango ufunguliwe, na wageni wakanunua tulizoziacha.